Kabla Hajaanza Kulia

Habari njema ndiyo iliyowaharibia siku. Mwalimu aliitoa akiwa bado amesimama mlangoni mwa chumba cha mafunzo, faili amelikumbatia kifuani, uso umemkunjuka kwa furaha. Wazazi wa Kidoti walikuwa hata hawajakaa vizuri kwenye vile viti vya watoto, ambavyo kila Jumatano vilimfanya Baba Kidoti ajione kama ngamia aliyekalishwa kwenye kigoda.

"Hongereni," alisema Mwalimu. "Nimezipitia video zenu zote nne. Mtoto amesogea sana. Kamati ya kituo imekubali kwamba hamhitaji tena kuja kila wiki. Kuanzia mwezi ujao mtakuja mara moja kwa mwezi, na nafasi yenu ya Jumatano atapewa mtoto mwingine. Mnajua wenyewe jinsi orodha ya wanaosubiri ilivyo ndefu."

Baba Kidoti alitabasamu, kwa sababu mtu akipewa hongera uso huitikia kabla akili haijafika. Mkewe hakutabasamu. Alikuwa amemshika Kidoti kiunoni, na Kidoti alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba, fungua, funga, fungua, funga, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

"Na kujigonga kichwa, Mwalimu?" aliuliza Mama Kidoti taratibu.

"Bado anajigonga?"

"Kidogo tu," Baba Kidoti aliwahi kujibu. "Imepungua sana siku hizi."

"Nimeona," alisema Mwalimu. "Kwenye video sikuona hata mara moja."

Mama Kidoti aligeuka akamtazama mumewe. Alifungua mdomo, lakini familia ya saa tano ilikuwa imeshafika mlangoni na begi lao la vitu vya kuchezea, ikabidi wasimame wapishe.

Kituo kile hakikuwa kinamfundisha mtoto, kilikuwa kinawafundisha wazazi. Mtoto mwenye usonji, Mwalimu aliwaambia siku ya kwanza, mimi nakaa naye saa moja kwa wiki, ninyi mnakaa naye saa zote zilizobaki. Sasa ni nani hasa anayetakiwa kujua la kufanya? Kwa hiyo kila Jumatano Kidoti, mwenye umri wa miaka mitatu na nusu na alama nyeusi juu ya mdomo iliyompa jina hilo, alicheza sakafuni atakavyo, na wazazi wake ndio waliotoka jasho wakijifunza kumfuata, kunyamaza na kungoja. Nyumbani walitakiwa kurekodi mchezo wa dakika kumi kila wiki na kuutuma. "Kama ulivyo," Mwalimu alisisitiza. "Sitaki sinema."

Bahati mbaya alikuwa anamwambia mtu anayekula kwa sinema. Baba Kidoti alipiga video za harusi, mwaka wa kumi na tano sasa, na alikuwa anatafutwa kweli kweli. Katika video zake hapakuwahi kuwa na bibi harusi aliyejikwaa, mjomba aliyezidisha hotuba wala wakwe walionuniana. Watu walimlipa ili siku yao iwe nzuri kuliko ilivyokuwa, naye aliwatimizia bila kuwauliza maswali. Video ya kwanza ya Kidoti aliituma na muziki laini mwanzoni. Mwalimu alicheka, akamwambia muziki si lazima. Hilo la muziki alilisikia, akaliacha. Mengine hakuulizwa.

Njiani mkewe alisema mara moja tu.

"Hata mara moja? Jumapili alijigonga mpaka jirani akaja kubisha hodi."

"Tutaongea nyumbani," alisema Baba Kidoti.

*

Nyumbani hawakuongea, kwa sababu mama yake Baba Kidoti alikuwa amekaa sebuleni akiwasubiri, na mapajani ana mfuko wenye gauni jipya la mtoto.

Hapo napo palikuwa na mkono wa Baba Kidoti. Zile video hakumtumia Mwalimu peke yake. Alizitupia pia kwenye kundi la ukoo. Miaka miwili alikuwa anaulizwa "mtoto ameanza kusema?" mpaka akaogopa kuifungua simu yake. Siku alipotuma ile ya Kidoti akimtazama mama yake na kucheka, zilimiminika dua na pongezi mpaka simu ikaisha chaji. Shangazi mmoja aliandika kwamba alijua tangu mwanzo mtoto hana tatizo. Baba Kidoti aliusoma ujumbe huo mara tatu, na ukweli usemwe, alifurahi.

"Njoo kwa bibi!" Bibi alinyanyuka na mikono ameikunjua. "Mjukuu wangu aliyepona! Nimekuona kwenye simu unavyocheka. Njoo nikuvalishe!"

Kidoti alipita chini ya ile mikono, akaelekea dirishani kwenye pazia lake.

"Mama, mpe muda kidogo," alisema Mama Kidoti. "Tumetoka mbali, amechoka."

Lakini bibi alikuwa amekuja na furaha ya wiki nne. Alimfuata, akamnyanyua kwa nyuma. Kidoti alijikunja mgongo, akapiga yowe lililotoboa masikio, na alipowekwa chini akaanza kuupiga ukuta kwa kichwa. Mama Kidoti alifika kwa hatua mbili. Alitia kiganja chake kati ya kichwa na ukuta, akakiacha pale, kichwa kikawa kinagonga nyama badala ya saruji.

Bibi alibaki na gauni mkononi.

"Sasa mbona kwenye video hafanyi hivi?" aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametahayari tu, na aliyetahayari hutafuta wa kumtwika. "Labda ni wewe, mwanangu. Labda hujui kumshika. Akiwa na baba yake naona anatulia."

Mama Kidoti aliendelea kupokea kichwa cha mtoto kiganjani. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimeanza kuchubuka. Na Baba Kidoti, ambaye neno lake moja lingetosha, alikwenda jikoni kumletea mama yake maji ya kunywa.

*

Alasiri, bibi ameshaondoka na Kidoti amelala, Mama Kidoti alivuta kiti mbele ya meza ya kazi ya mumewe.

"Fungua kompyuta. Nataka kuona alichokiona Mwalimu."

"Ni zile zile tu, nimezipunguza kidogo zisiwe ndefu."

"Fungua, Baba Kidoti."

Akafungua. Alijua kuna kushikwa na kuna kushikwa pabaya. Kwenye kioo alionekana mwanamke mtulivu mwenye sauti laini, amekaa mkekani na mtoto anayemtazama. Mwanamke anasukuma mpira, mtoto anaupokea. Mwanamke anacheka, mtoto anacheka. Pale ambapo mchezo haukuungana alikuwa amepachika picha ya mikono, au ya mpira ukibingirika, na jicho likapita bila kujikwaa. Kicheko chenyewe kilikuwa cha siku nyingine kabisa. Kidoti alikuwa anaichekea feni.

Mama Kidoti alizitazama zote nne. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Huyu mwanamke ni nani?" aliuliza mwishoni.

"Mama Kidoti, jamani..."

"Nakuuliza. Mimi Jumapili nilipiga kelele. Nilimvuta mtoto mkono. Nilikaa chini nikalia, na wewe ulikuwa umesimama pale pale na kamera yako. Yako wapi hayo?"

"Sikutaka mtu akuone unalia." Na hiyo ilikuwa kweli tupu. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Wewe ndiye unayeng'atwa. Halafu nikuanike mbele ya watu wakae na kalamu wakuhesabie makosa? Nilisema angalau nikulinde kwa kile ninachokijua."

"Ulinilinda." Alilitafuna neno hilo. "Unajua nimekaaje pale kituoni? Wiki nne, kila Jumatano, nakaa mbele ya Mwalimu nikijua ameshaniona nikimfokea mtoto. Nangoja aniambie nimekosea wapi. Haniambii. Ananisifu tu. Nikasema moyoni, basi ameniona siwezekani, ananipoza niende zangu. Usiku sipati usingizi nikitafuta kosa langu ni lipi. Kumbe hajaniona kabisa! Kumbe hakuna mtu hata mmoja aliyeniona!"

Baba Kidoti aliifunga ile video kwenye kioo.

"Na leo mama yako ananiambia sijui kumshika mtoto," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "wewe ukaenda kuchota maji."

Alisimama. Vifundo vyake alikuwa amevipaka mafuta, vinameremeta.

"Kesho utakwenda mwenyewe. Peleka zote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwambie. Nafasi ile ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho, na wewe umeigawa kwa ufundi."

*

Alikwenda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na maneno yote yalimtoroka alipofika mbele ya Mwalimu, ambaye alikuwa anafuta vumbi la rangi kwenye meza ndogo kwa kitambaa kibichi.

"Mwalimu, zile video nilizikata."

Mkono wa Mwalimu ulisimama.

"Mtoto hajasogea kama ulivyoona. Nilichagua. Nilikata, nikaunganisha. Mke wangu hakujua. Kosa ni langu peke yangu, na nimekuja kuomba nafasi yetu."

Mwalimu alikaa kwenye kiti kimoja cha watoto, na kwa mara ya kwanza Baba Kidoti aliona kwamba hata yeye vilimbana magoti.

"Ule muziki niliusikia," alisema. "Nikasema haya, ni mazoea ya kazi. Mikato sikuiona."

"Mkato ukionekana, hulipwi," alijibu Baba Kidoti, kisha akatamani ardhi immeze.

"Nafasi nimeshaitoa. Jana jioni. Mama mmoja, amesubiri miezi tisa. Nilipomwambia alishindwa kuongea, akampa dada yake simu. Unataka nimpigie tena leo?"

Baba Kidoti alikuwa amejiandaa kubembeleza. Alikuwa amejiandaa hata kupiga magoti, ingawa magoti yake hayakuwa ya kuaminika. Lakini alimwona yule mama mwenye simu, aliyeshindwa kuongea. Alimwona kwa uso wa mkewe. "Hapana," alisema.

"Mnazo Jumatano mbili kabla mwezi haujaisha. Hizo ni zenu. Umekuja na zile ambazo hazijakatwa?"

Aliichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta ya ofisi. Dakika arobaini na moja za Jumapili. Mkeka, mpira, Mama Kidoti na nywele zimemtimka, anaita: "Kidoti, mpira huu! Niangalie mama. Niangalie." Kidoti anazunguka chumba. Anauvuta mtandio wa mama yake kutoka kwenye kochi, anajifunika kichwa chote, anakuja kusimama mbele ya mama yake, wima, kimya, uso ndani ya kitambaa. Nyuma ya kamera inasikika sauti ya mwanamume: "Uso, Mama Kidoti. Uso hauonekani." Mkono wa mama unanyakua mtandio, unaurusha kando. Mtoto anapiga yowe, anajitupa, kichwa sakafuni.

Baba Kidoti alinyoosha kidole kusogeza mbele. Kidole kilikuwa kimezoea.

"Rudisha," alisema Mwalimu. "Hapa ndipo ulipokata?"

"Nyuma kidogo. Sekunde chache kabla hajaanza kulia. Ukiiacha ile pumzi anayovuta kabla ya kulia, mtu anaisikia."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Rudisha mpaka pale anapochukua kitambaa. Haya, niambie anafanya nini."

"Anajificha. Ndiyo tabia yake. Hataki kututazama."

"Mtoto anayejificha hukimbilia wapi?"

Baba Kidoti alitazama. Chumba kilikuwa na kochi la kujificha nyuma yake, kilikuwa na pazia, kilikuwa na mlango uliokuwa wazi. Kidoti alikuwa ameviacha vyote, ametembea na kitambaa usoni bila kuona anakokwenda, amejigonga kwenye meza, amefika mpaka miguuni pa mama yake. Hapo akasimama. Akangoja.

"Anataka afunuliwe," alisema polepole. "Anacheza... anataka mama yake amfunue."

"Anamwalika mama yake kwenye mchezo. Mimi wiki nne natafuta kitu kama hicho kwa tochi."

Walitazama mpaka mwisho. Kidoti alirudi na ule mtandio mara saba. Mara saba sauti ya mwanamume ilisema uso hauonekani, na mara saba kitambaa kikanyakuliwa, na kilio kikafuata. Baba Kidoti alikuwa hajawahi kujisikiliza. Kazini, sauti yake ndiyo kitu cha kwanza anachokifuta. Ilipofika mara ya sita alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea kwenye viatu, na Mwalimu hakujifanya hayaoni. Alimsogezea kile kitambaa cha kufutia rangi, kwa kuwa hakikuwepo kingine.

"Sikusemi," alisema Mwalimu. "Kila mzazi anayeingia humu ana kitu anachonificha. Wengine wanawanyima watoto usingizi ili wafike hapa wamepoa. Wewe una kompyuta, basi. Ila niambie, kwenye hizi video zote wewe uko wapi? Nimeona mkono wako mmoja tu, unasogeza meza."

Nje, kabla hajapanda chochote, alimpigia mama yake.

"Mama, zile video nilizitengeneza. Mtoto yuko vile ulivyomwona jana. Na Mama Kidoti anajua kumshika kuliko sisi sote. Jana nilitakiwa kusema, nikanyamaza."

"Kwa hiyo watu wote niliowaambia amepona nimewadanganya?"

"Mimi ndiye niliyewadanganya, mama. Nitawaambia mwenyewe."

"Haya," alisema bibi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kusimama tena: "Na gauni?"

"Gauni litamtosha tu, mama."

*

Nyumbani alimkalisha mkewe mbele ya kompyuta, akamwonyesha zile mara saba bila kukata. Hakueleza chochote mpaka mwisho. Mama Kidoti alianza kutazama mikono ameikunja. Mara ya tatu aliikunjua. Mara ya tano alijifunika mdomo.

"Alikuwa ananiita," alisema.

"Ndiyo."

"Na hiyo sauti ni yako."

"Ndiyo."

"Na nafasi?"

"Imekwenda. Tumebakiwa na Jumatano mbili."

Kama alimsamehe hakusema, na Baba Kidoti hakuthubutu kuuliza. Kisha alinyanyuka, akaichukua kamera mezani, ile kubwa ya harusi ambayo hakuwahi kuruhusiwa hata kuifuta.

"Kaa chini wewe," alisema. "Leo nitashika mimi."

Baba Kidoti alikaa mkekani. Mbele ya kamera alijihisi uchi. Hakujua mikono aiweke wapi, yeye ambaye kwa miaka kumi na tano aliwapangia mabwana harusi mikono yao. Kidoti alimzunguka kama anavyozunguka meza. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Alitamani kumwita, akakumbuka: ngoja. Alitamani kupiga makofi, akakumbuka: mfuate yeye.

Dakika ya saba Kidoti alikuja na chupa ya plastiki yenye vifungo vya nguo ndani, akaushika mkono wa baba yake, akauweka juu ya kifuniko. Hakumtazama usoni. Baba Kidoti akafungua. Kidoti akachungulia ndani, akakirudisha kifuniko juu, akauweka tena mkono. Akafungua. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mara ya tano Baba Kidoti alikumbuka somo lingine la Jumatano, kwamba umwachie mtoto nafasi akuombe, uhesabu mpaka tano kimyakimya. Akaipokea chupa, akaifunga kidogo, akamrudishia, mkono wake akauweka gotini. Moja. Mbili. Tatu.

Kidoti alivuta ile pumzi. Baba yake aliitambua. Alikuwa ameikata mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Kisha kilio kikaja, kikali, kikajaza chumba. Na Baba Kidoti, bila kufikiri, aligeuza shingo kwa mkewe, macho yanaomba kama macho ya bwana harusi aliyekosea kiapo: zima, zima hiyo.

Kamera haikutikisika.

"Usiniangalie mimi," alisema Mama Kidoti. "Mwangalie yeye."

Akageuka. Kidoti alikuwa analia kwa sauti yake yote, uso umelowa, kamasi zimefika kwenye ile alama juu ya mdomo. Hakuwa amejitupa chini. Hakuwa amekwenda ukutani. Alikuwa analia amesimama pale pale, na chupa alikuwa ameinyoosha kwa mikono miwili, kumpa baba yake.

Hicho ndicho kilichokuwa baada ya pumzi ile. Hakuwahi kukiona.

Baba Kidoti akaipokea.